Ufito wa Ndiva

...na huyu Asheri naye ajifunike tena, ajifunue tena, mara jua limehama, mara kofia ya mwenyekiti inamtia kivuli usoni, mara yule wa tatu kafumba macho, tumepangwa hapa mbele ya baraza la Same tangu saa nne na ushei na bado hajapiga hata picha moja, na mimi nimeushika huu ufito wa futi tisa kama askari wa zamu, pembeni kabisa, mwisho wa mstari, maana ndipo nilipowekwa, "Tumaini, sogea kidogo huko," alisema Nathanaeli, kwa ile sauti yake ya upole ya kuwahamishia watu uani, kidogo huko, halafu kidogo tena, mpaka bega moja limetoka kwenye kivuli cha paa na jua la Same linanila upande, nusu yangu imo kwenye picha na nusu haimo, na nikisogea zaidi nitakuwa nimepigwa picha peke yangu na mbuzi wa askari wa boma... nimesoma naye darasa moja, benchi moja, kule Chome, mimi nikimwonyesha hesabu za mafungu na yeye akinionyesha Kiingereza, tukatoka darasa la nane sawa, tofauti ni kwamba baba yangu alikufa mwaka ule na baba yake alikuwa mwinjilisti, basi, yeye akapanda treni na mimi nikapanda shamba, sijawahi kulilia hilo mbele ya mtu, lakini leo naona ananisogeza kwa vidole viwili kama anayeondoa sahani iliyoliwa, na moyoni nasema haya, sogeza, sogeza tu ndugu yangu, aliye juu mngoje chini, nami nimekungoja mwaka mzima.

Wageni wake wananukia sabuni na treni, wanane, wazungu sita na Waganda wawili wenye makoti ya sufu katika jua hili, ndio Chama cha Heshima cha Watafiti wa Sayansi, tawi la chuo kikuu, chuo kile cha ng'ambo ya ziwa, kila mwaka wanamchagua mtu mmoja aliyegundua jambo ambalo halikujulikana, na desturi yao, amenieleza Nathanaeli mara tatu kama mtu anayeeleza habari za posa yake, desturi yao ni kumfuata mtu huyo mpaka mahali alipolipata jambo lenyewe, wamvike beji hapo hapo, atie saini kitabuni kwamba aliyoyaandika ni kweli tupu, ndipo awe mwenzao mpaka kufa, na mwaka huu mtu huyo ni yeye... mahali alipolipata, wanasema, mahali penyewe ni Chome, juu, chini ya msitu wa Shengena, kwenye baridi na matope, lakini juzi waliposhuka kwenye treni wakautazama mlima, wakaambiwa mvua imeila barabara, wakatazamana, wakasema Same inatosha, basi sisi ndio tukaletewa safari, tukateremka kwa miguu mpaka Makanya, mimi na ufito begani na Mzee Eliezeri mtunza ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na magoti yake, halafu lori la jasi mpaka hapa, na sasa mzee wa watu kakalishwa kiti cha mbele katikati kama zawadi, blanketi mabegani, hajaambiwa picha ni ya nini, na ananigeukia, "Mwanangu, hili jambo linaisha lini?" nami nasema, "Karibu, baba, bado kidogo," na Asheri kutoka ndani ya kitambaa chake cheusi anasema, "Mzee usigeuke, tunaanza upya." Mzee anamwambia mtu hawezi kuanza upya kukaa.

Sasa mwenyekiti wa tawi, yule mrefu mwenye shingo nyekundu, anatumia muda huu kumweleza Bwana Misitu wa serikali habari za Nathanaeli, Kiingereza chake kinakuja vipande vipande na upepo, "kazi ya uangalifu mkubwa," anasema, "miaka miwili, kila siku, bila kuruka hata alfajiri moja"... bila kuruka, ni kweli, haikurukwa hata moja, lakini nani hakuruka? Yeye alikuwa kwenye bweni lake la umeme, mimi ndiye niliyekuwa naamka kabla ya majogoo, napita kwenye umande mpaka mapajani, nafika ndivani kabla Mzee Eliezeri hajazibua maji yaende mashambani, maana maji yanaingia usiku kucha kutoka kijitoni na alfajiri ndiyo saa ya kujua yamejaa kiasi gani, napiga magoti juu ya lile jiwe baridi kuliko maiti, naushusha ufito mpaka ugonge chini, nasoma alama, naandika daftarini kwa vidole visivyo na habari za penseli, futi nne inchi mbili, futi nne inchi moja, miaka miwili, na jana jioni akanionyesha kitabu chake kilichopigwa chapa, akanifungulia mwenyewe ukurasa wa shukrani, anatabasamu, nikasoma, amemshukuru mwenyekiti, amemshukuru Bwana Misitu, amemshukuru mke wa mtu fulani kwa kupiga taipu, na mwisho kabisa, "na mpimaji wa kienyeji", mpimaji wa kienyeji, nikatafuta jina langu kama mtu anayetafuta ndugu kwenye orodha ya waliopona, halipo, nikasema, "Kizuri sana," akasema, "Nilijua utafurahi."

Na sikufurahi, lakini nilicheka moyoni, kwa sababu mpimaji wa kienyeji anajua jambo moja ambalo wenye beji hawalijui... kitabu kinasema, nimekisoma chote usiku, Kiingereza changu kimechakaa lakini hakijafa, kinasema mwaka juzi serikali ilifunga kipande cha juu cha msitu, watu wasikate wala wasichunge, na tangu kifungwe, maji ya ndiva yamepanda kutoka futi nne hadi futi sita, namba hizi hapa, mchoro huu hapa, kamstari kanapanda kama ngazi ya kanisa, kwa hiyo msitu ukifungwa maji huongezeka, na hilo ndilo jambo ambalo halikujulikana, ndilo lililowapandisha treni watu wanane. Na ni uongo. Maji yanayoingia hayakuongezeka hata kibuyu kimoja. Tulichimba tope. Mwaka ule ule, miezi mitatu baada ya kufungwa msitu, Mzee Eliezeri alipiga mbiu ya msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe, Alhamisi sita mfululizo, tukaikausha ndiva pande kwa pande na kutoa tope la miaka kumi na moja, tope jeusi la kufika mapajani, wanawake wanabeba kwa karai, wanaume wanaimba, na nyumba isiyotoa mtu inatozwa mbuzi, na kila Ijumaa alfajiri ufito wangu ukawa unakwenda chini zaidi, chini ndiyo iliyoshuka, uso wa maji uko pale pale chini ya jiwe lile lile ulipokuwa tangu babu zetu, mtu yeyote angesimama ukingoni dakika moja angeona, mtoto angeona, mbuzi aliyetozwa angeona, lakini Nathanaeli hakuja kusimama, na hata angekuwa Chome asingejua, maana ni mtoto wa mwinjilisti, na mwinjilisti alikataza watoto wake kukanyaga kwenye msaragambo wa ndiva, kisa wazee humwaga pombe kidogo ukingoni kabla ya kuanza, ushenzi, alisema, basi watoto wake walikuwa wanapita juu ya njia wamevaa viatu, wanatutazama tulivyo weusi kwa tope, na leo yule yule wa viatu anavishwa beji kwa elimu ya ndiva... Mchumia juani hulia kivulini, wanasema, naye kachumia kivulini, na mimi niko juani.

"Bwana mwenye fimbo," anasema Asheri, "isimamishe wima, inaingia kichwani kwa mheshimiwa." Naisimamisha. Si fimbo, ni ufito, na ungekuwa na adabu ungemwingia kweli... nilivyopanga ni hivi, nimepanga tangu kitabu kilipotajwa kwenye barua, kwamba nitangoja, picha ipigwe, beji ivishwe, saini itiwe, wino ukauke, halafu wakiwa mezani na sahani zao za kuku nitasimama, niseme kwa Kiswahili safi na kisha kwa Kiingereza changu cha darasa la nane, samahani wakubwa, kuna jambo dogo la tope, na nitamtazama yeye tu, nitazame uso ule unavyoshuka futi sita, futi tano, futi nne, maana yeye ndiye aliyeyataka, mimi nilikuwa na safu nzima ya kuandika mengineyo kwenye daftari lile, na mwezi wa kwanza niliandika, kwa mkono mzuri, "Leo Eliaichi kajifungua mapacha, zamu yake ya maji kapewa mkwewe, ndiva ilizibuliwa jua limepanda", kwa sababu hiyo ni habari, ndiyo maana ndiva ilichelewa kuzibwa na kipimo cha kesho yake kilikuwa kidogo, naye alipokuja likizo akasoma, akacheka mpaka akavua miwani, akachukua penseli nyekundu akakata, shwaa, "Tumaini, hawa watu hawataki hadithi, wanataka namba, wewe niandikie namba tu," mbele ya mama yangu, na mama naye akacheka kwa vile msomi kacheka, basi nikasema sawa, unataka namba, utapata namba, na Alhamisi ya kwanza ya msaragambo nilirudi nyumbani na tope masikioni, nikafungua daftari, nikautazama ule mstari mwekundu, na kesho yake nikaandika namba, tu, namba tu, na kwenye safu ya mengineyo nikaacha peupe peupe kama shuka la mgeni. Sikusema uongo hata mmoja. Kila namba ni ya kweli. Hakuuliza, sikumwambia.

"...mpaka kwenye kijito," anasema Bwana Misitu, nimelisikia neno kijito kwa sababu amelisema kwa Kiswahili, ameshika ramani iliyokunjwa, anamwonyesha mwenyekiti bila kutoa shingo yake kwenye picha, kwa kidole, "mpaka uliopo ni huu, lakini kwa ushahidi huu sasa makao makuu wamekubali, tutaushusha msitu mpaka hapa, mwezi ujao watu wataanza kuhamishwa, si wengi, nyumba kumi na tisa," na mwenyekiti anasema, "Ajabu, sayansi iliyozaa matunda mara moja," na Nathanaeli anatikisa kichwa taratibu, kwa unyenyekevu, kama bwana arusi, na mimi naitazama ramani kwa upande, kwa jicho moja, maana jingine nimeambiwa nilielekeze kwenye kamera, kijito gani, vijito viko vingi, kuna cha juu kinachopita msituni, kuna... kidole chake kimepita cha juu, kimeteremka, kimekaa chini ya njia ya kanisa, hicho ni kijito chetu, hicho ndicho anachofulia mama yangu, na shamba la mama liko juu yake, si chini, juu, kahawa mia mbili na migomba na kaburi la baba na lile la dada yangu Dorkas aliyekufa mdogo... kumi na tisa, naanza kuzipitia nyumba kichwani kwa zamu za maji, ya kwanza Eliakunda, ya pili wale ndugu wawili, ya tatu mjane Honorata, na nikifika ya saba namwona mama yangu Yudith mlangoni, ameshika kitambaa cha jikoni, anauliza wamesema lini.

Ngoja. Ngoja kwanza, huenda sikusikia vizuri, upepo wa hapa unakula maneno, lakini kidole sikukisikia, nimekiona... na beji ni kitu gani, ni kipande cha shaba, angeenda nacho, ningemvunjia chakula chake na wangerudi kwao kwa aibu na mimi ningerudi Chome na hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni, ndivyo ilivyokuwa, ni mimi na yeye, hakukuwa na ramani, hakuna aliyeniambia kuna ramani, nilidhani kitabu ni kitabu, kinakwenda kukaa na vitabu wenzake, sikujua kwamba namba zangu zinaweza kushuka mlima na kurudi zikiwa na askari... na yeye anajua. Anajua ni shamba la mama, amekula makande kwenye jiko lile tangu hana meno, anatikisa kichwa hivyo hivyo, atakuwa anajiambia ni kwa faida ya maji, nyumba kumi na tisa zihame ili bonde zima linywe, na ingekuwa kweli, hata mimi, hapana, sijui, ingekuwa kweli labda hata Mzee Eliezeri angekubali, wazee wenyewe wana misitu wasiyoikata, lakini si kweli, na anayejua kwamba si kweli katika dunia hii ya Mungu, kati ya watu wanaoelewa yale maandishi, ni mmoja, ameshika ufito.

"Anapiga sasa?" anauliza Mzee Eliezeri. "Bado, baba." "Basi niambie, wanasema nini hao na karatasi yao?" Namwambia wanazungumza habari za njia, nimemdanganya mzee mwenye blanketi, uongo wangu wa kwanza leo... wa kwanza leo. Kwa sababu kuna ile barua. Sikuwa naikumbuka, au nilikuwa naikumbuka kama mtu anavyokumbuka mlango asioutaka kuufungua, barua ya Nathanaeli, ilikuja na mwalimu wa shule mwezi wa pili baada ya msaragambo, karatasi ya bluu, mwandiko ule ule wa benchi letu, aliandika salamu kwa mama, akauliza mguu wangu uliokatwa na jembe umeponaje, akasema, Tumaini, maji yamepanda mno, nimekaa na hizi namba wiki nzima sielewi, je, kuna kitu chochote kilichobadilika pale ndivani, chochote kile, hata ukiona ni kidogo, niandikie, nakutegemea wewe ndiye macho yangu. Aliuliza. Kwa nini najiambia hakuuliza, aliuliza, kwa maneno ambayo hata mtu asiyejua ndiva angeyaelewa, na alijua mguu wangu umekatwa na jembe wala hakujua ni jembe la msaragambo, kidole chake kilikuwa juu ya jibu lenyewe, na mimi nilikaa kwenye kigoda jua likizama, nikaisoma mara mbili, nikautafuta ule mstari mwekundu moyoni, nikauona uko mbichi, nikachukua karatasi nikamjibu mstari mmoja, "Ufito haudanganyi", nikaona nimesema jambo kubwa, nikajisifu njia nzima mpaka kwa mwalimu.

Basi si kuacha safu peupe. Nimeulizwa nikajibu. Na yeye hakupanda mlima kuja kutazama, mwaka mzima nimeita hiyo dharau, kwamba kaona taabu kuchafua viatu, na pengine ni dharau, kwa Nathanaeli hakikosekani kiasi, lakini mtu akikuita macho yake na wewe ukamwambia umeona, aje kutazama nini tena... mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, mimi nimechimba, na aliyetangulizwa kuingia ni mama yangu na kitambaa chake cha jikoni. Nina aibu. Naisema hivyo hivyo, nina aibu mpaka kwenye nyayo, na ajabu ni kwamba chuki yangu haijapungua hata inchi, zimekaa pamoja, moja huku moja huku, kama mimi hapa nilivyo juani nusu.

"Wote mnitazame," anasema Asheri, "msipumue," na anajifunika, na wageni wanainua videvu, Bwana Misitu anakunja ramani yake kwapani, Nathanaeli ananyoosha koti, nami natazama kile kitabu cha saini mezani nyuma ya kiti cha mzee, kina utepe, kalamu iko juu yake, hatua nne kutoka hapa, akishasaini jambo hili ni kweli, itakuwa kweli ya chama, kweli ya watu wanane na chuo kizima, na mpimaji wa kienyeji akija na tope lake mezani kwenye kuku watasema ni wivu, na watakuwa wamesema sawa, kwa hiyo si mezani, ni kabla, ni mara tu huyu mtu akifunua kichwa chake, nitamshika Nathanaeli mkono kabla hajafika kwenye kalamu, na nitaisema kwa Chasu, lugha ya kwetu, kwanza, ili Mzee Eliezeri asikie kwamba ni mimi, ya msaragambo, ya daftari, ya barua, yote, aende nayo Chome na kila nyumba ya zile kumi na tisa iijue, na mama aijue... na huo ushindi wangu wote wa mwaka mzima, uso ule kushuka futi moja moja mbele ya kuku, sitaupata, maana nikisema sasa atakuwa hajasaini, atakuwa mtafiti mwangalifu aliyegundua kosa lake kwa wakati, watampongeza, mwenyekiti atasema huo ndio uungwana wa sayansi, watarudi mwakani na beji ile ile, na Nathanaeli atageuka, machozi yamemlenga, namjua, hulia upesi tangu shuleni, atanishika mabega mbele za watu wote hawa, ataniita ndugu yangu, atanishukuru, na atakuwa anashukuru kweli kutoka moyoni, na mimi nitalazimika kusimama nishukuriwe.